Kipanya Kisicho na Mkia

Kuna wezi wawili Mau Narok ambao polisi hawajawahi kuwatia pingu: baridi na panya. Baridi huanza na masikio ya watoto wanaokwenda shule alfajiri, kisha huenda shambani kumalizia na majani ya waru, yaani viazi. Panya huchukua kilichobaki ghalani. Nimeishi na wote wawili tangu kuzaliwa na sijawahi kuwashtaki. Lakini mwezi wa sita mwaka mmoja walishirikiana, au ndivyo nilivyodhani, na panya wa plastiki anayekaa juu ya meza yangu ya kazi akaanza kuniibia jina.

Jina lenyewe si kubwa. Nina saiba ya kompyuta tatu, imebanwa katikati ya duka la dawa za ng'ombe na kinyozi. Watu huniita Fundi, ingawa hakuna aliyenifundisha. Nimedanganywa na mashine moja baada ya nyingine mpaka nikazizoea. Wateja huja kuchapisha barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi. Mwezi wa sita huja wote kwa pamoja, kwa kuwa mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi ni tarehe 30 Juni, na Mkenya halisi hulikumbuka jambo hilo tarehe 29, baada ya chai ya saa nne.

Kompyuta zangu zinatumia Linux. Mfuko ndio uliniamulia. Nilizinunua zikiwa zimetumika, na flashi za wateja zilikuwa zikiniletea virusi kama mbwa anavyoleta viroboto nyumbani. Mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa akisomea mambo ya kompyuta, alikuja likizo moja akaniambia, "Anko, kuna mfumo wa bure, na hata ukitaka kuufungua uone ulivyoshonwa ndani, hakuna atakayekushtaki." Akanieleza kwamba mwanzilishi wake, Linus Torvalds, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland, alipouanza mwaka wa 1991, na kwamba nembo yake ni ngwini. Nikawaza: kitu kilichozaliwa Finland na kupewa sura ya ndege wa barafuni kitaishi Mau Narok bila kuomba sweta. Sisi tuko juu huku, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai ukungu huingia dukani bila kubisha hodi.

Akaniwekea Ubuntu. Jina hilo lilinipendeza, kwa sababu watu wa kusini wakisema ubuntu wanasema utu wetu huu huu. Toleo lake la kwanza, la mwaka wa 2004, lilipewa jina la utani la ngiri mwenye sugu usoni. Ngiri, ngwini na kipanya ndani ya sanduku moja! Nikaona nimefungua mbuga ya wanyama bila leseni.

Tukaishi kwa amani karibu mwaka mzima. Kisha kipanya kikaanza vituko.

Kilianza kwa adabu. Siku ya kwanza kilisinzia kidogo tu: nilikisukuma, mshale kwenye kioo ukakaa kimya, nikakibofya, ukaamka. Nikasema ni uchovu. Wiki iliyofuata kilikufa katikati ya barua ya mwalimu mmoja, kikafufuka alipotoka nje kuongea na simu, kikafa tena aliporudi. Mwalimu akanitazama kwa jicho wanalotazamwa nalo watoto wasiofanya kazi ya nyumbani.

Nilianza na mshukiwa wa karibu, betri. Baridi hudhoofisha mawe ya redio, hilo kila mzee anayesikiliza taarifa ya habari ya saa moja usiku analijua. Asubuhi redio inakoroma. Ukiyaanika mawe juani inaimba tena. Kipanya changu kinatumia jiwe moja dogo. Basi kila asubuhi kabla ya kufungua duka nikawa nalitoa, nalitia kwapani, na kulikalia kimya kama kuku anayeatamia. Shosho jirani yangu alinikuta katika hali hiyo.

"Mjukuu wangu, unajipima homa?"

"Hapana shosho, napasha kipanya joto."

Hakusema neno. Alirudi kwake akaniletea chai ya tangawizi, kama mtu anavyompelekea mgonjwa asiyejua kwamba ni mgonjwa.

Jiwe jipya kutoka dukani lilileta nafuu ya siku mbili, kisha kipanya kikarudia tabia yake. Betri ikaachiliwa huru.

Mshukiwa wa pili alitajwa na wateja wenyewe. Nina paka ambaye, kwa sababu anazozijua mwenyewe, hulala juu ya lile sanduku la kompyuta tunaloliita sipiyu, kwa kuwa ndilo jiko pekee dukani lisilotoa moshi. Mzee mmoja aliyejifunga shuka nyekundu, aliyepanda kutoka upande wa Narok kuja kumaliza mambo ya PIN yake ya kodi, alimtazama paka, akakitazama kipanya, akatikisa kichwa.

"Fundi," akasema polepole, "wewe ungekuwa panya, ungetoka hapo?"

Saiba nzima ikacheka. Hata kinyozi alizima mashine yake aelezwe. Kuanzia siku hiyo kila kipanya kilipokwama mtu alipiga kelele, "Fungia paka!" Nilijitia kucheka nao, lakini jioni, duka likiwa tupu, nilimhamishia paka kwenye boksi la karatasi. Kipanya hakikupona. Paka naye hakunisamehe kwa siku tatu.

Hapo ndipo nikaamua kufanya kazi kama fundi. Nikafungua terminali, lile dirisha jeusi ambamo mtu huandikia amri badala ya kubofya picha. Wateja huliheshimu sana dirisha hilo. Ukiandika mistari miwili mitatu ya maneno wasiyoyaelewa, bei ya kuchapisha haipingwi tena. Nikaandika lsusb, amri inayoita majina ya kila kifaa kilichochomekwa kwenye matundu ya USB. Kile kidude kidogo cha kupokea mawimbi ya kipanya, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilikuwepo, jina na namba yake vimeandikwa kama mpiga kura. Nikaandika dmesg, ambayo husoma kumbukumbu za moyo wa mfumo tangu kompyuta ilipowashwa. Hakuna kilio, hakuna kifo. Kwa mujibu wa kompyuta, kipanya kilikuwa nyumbani, salama, kimetulia. Kwa mujibu wa mkono wangu, kipanya kilikuwa kipande cha sabuni.

Nikampigia mpwa wangu. Akaniuliza swali moja, "Anko, kuna programu yoyote ya kubana matumizi ya umeme?"

Nikanyamaza. Mwezi wa tano bili ya stima ilinichoma vibaya, nikaweka programu iitwayo powertop na kuiamuru ijipange yenyewe kila kompyuta inapowashwa. Kazi yake mojawapo ni kuvilaza vifaa vya USB visivyotumika, na Linux kwa kawaida huhesabu sekunde mbili tu kabla ya kukilaza kifaa kilichoruhusiwa kulala. Sekunde mbili! Huku kwetu mtu akinyamaza sekunde mbili tunajua anafikiria jibu. Kompyuta ikahesabu kwamba kipanya kimelala, ikazima taa na kufunga mlango.

Mpwa akanielekeza hadi kwenye faili moja ndogo iitwayo control, yenye neno moja tu ndani, auto. Ukiandika on badala yake, kifaa hakilazwi tena. Nikaandika, nikitanguliza sudo, ile amri ya kuiambia kompyuta kwamba anayezungumza sasa ni mwenye nyumba. Kisha nikaikataza powertop isijipange tena asubuhi. Kile kisinzio kidogo, cha kusukuma bila jibu mpaka ubofye, kikaisha hapo hapo. Nikamnunulia paka maziwa ya kuomba radhi, na nikatangaza ushindi kwa kinyozi, kwa mwenye dawa za ng'ombe na kwa mwalimu.

Kutangaza ushindi ni kazi ya watu wa siasa. Baada ya siku mbili kipanya kilikufa tena, na safari hii hata kubofya hakukukiamsha.

Mpwa, aliyechoshwa na simu zangu, aliniandikia, "Anko, badilisha distro." Maana yake niufute mfumo mzima niweke Linux ya ukoo mwingine. Hiyo ni sawa na kumwambia mtu ambaye bati lake linavuja ahamie kaunti nyingine. Nilikataa. Akanipa wazo jingine, na hili lilikuwa na kichwa na miguu: yale matundu ya USB yenye ulimi wa buluu, aina ya USB 3.0, hutoa kelele katika masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo kipanya hutumia. Kampuni ya Intel yenyewe iliandika waraka kuhusu jambo hilo mwaka wa 2012. Diski yangu ya kuhifadhia kazi za wateja ilikuwa kwenye tundu la buluu, ubavuni mwa kidude. Basi kipanya kilikuwa kikinong'ona karibu na mashine ya kusaga mahindi. Nikakihamisha kidude upande wa pili wa mgongo wa sipiyu, kwenye tundu jeusi la chini kabisa.

Siku tatu za neema. Siku ya nne, kifo.

Wakati huo tulikuwa tumefika wiki ya mwisho ya Juni. Foleni ilitoka mlangoni ikafika kwa kinyozi. Watu wa bodaboda, wakulima wa shayiri, vijana waliohitaji ritani za sufuri kwa sababu hawakuwa na kazi, na mimi mbele yao nikiendesha tovuti kwa kibodi peke yake: Tab, Tab, Tab, Enter, Tab, Tab, nimepita, rudi nyuma. Kijana mmoja alihesabu kwa sauti. Nilipofika Tab ya arobaini na tatu akasema, "Fundi, hata kwa miguu hadi Nakuru ningekuwa nimefika Njoro."

Usiku wa tarehe 29 stima ikapotea. Nikawasha mshumaa nikatoa madaftari yangu mawili ili angalau nifanye hesabu. La kwanza ni la kipanya, kwa maana nilikuwa nimeanza kuandika kila kifo na kila ufufuo, saa na tarehe. La pili ni la madeni.

Hilo la madeni linahitaji maelezo. Mau Narok pesa zina msimu wake, lakini waru zipo karibu kila wakati. Hasa aina ya Shangi, ambayo huiva kwa miezi mitatu hivi na ikikaa kidogo tu ghalani huchipua mashina kama ina haraka ya kurudi shambani. Kwa hiyo mtu asiyekuwa na shilingi huniletea waru, naye huniletea kwa ukarimu, kwa sababu zikikaa zitaharibika. Sheria inasema gunia ni kilo 50. Ukarimu hausomi sheria. Shosho jirani yangu hunipa lile gunia linaloshonewa kilemba juu, ambalo wakulima huliita mukorino, na mwenye bodaboda huliingiza dukani akihema na kulisukuma mahali pekee pasipo na matope wala miguu ya watu: nyuma ya meza yangu, kati ya ukuta na sipiyu. Linakaa hapo siku moja, mbili au tatu, mpaka nipate wa kulibeba nyumbani au mwenye kibanda cha chipsi alinunue.

Mshumaa ulikuwa ukilia nta juu ya daftari. Macho yangu yakatoka kushoto yakaenda kulia. Tarehe 9 Juni: kipanya kimekufa. Tarehe 9 Juni: gunia, shosho, kuchapisha fomu za mjukuu. Tarehe 11: kipanya kimefufuka. Tarehe 11: gunia limechukuliwa na mtu wa chipsi. Tarehe 17: kifo. Tarehe 17: gunia, mwalimu. Nikayasogeza madaftari yakagusana. Yalikuwa daftari moja lililoandikwa mara mbili.

Sikulala vizuri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stima ikiwa imerudi, nilikuwa dukani peke yangu na gunia la shosho, ambalo lilikuwa limeegemea mgongo wa sipiyu kama mtu anayeota moto. Nikasukuma kipanya. Kimya. Nikalikumbatia gunia, nikalivuta hatua mbili, kiuno kikalia. Nikasukuma kipanya. Mshale ukaruka kama swara. Nikalirudisha gunia. Kimya. Nikalitoa. Swara. Nililirudisha na kulitoa mara sita, na paka, ambaye ndiye shahidi wangu pekee, alinitazama kwa uso wa mtu aliyefungwa bila hatia na sasa anasubiri fidia.

Maelezo yake ni mepesi ukishayajua. Mawimbi ya gigahezi 2.4 ndiyo hayo hayo yanayopasha chakula kwenye oveni za maikrowevu, na maji huyameza. Kiazi, katika kila sehemu tano, sehemu nne hivi ni maji. Kidude changu kilikuwa chini, nyuma ya sanduku la bati, mahali ambapo hata siku njema kilisikia kwa shida. Gunia lenye kilemba likija kulala juu yake, ni kama mtu amekizika. Na ile busara ya kukihamishia kwenye tundu jeusi la chini ilikuwa imekisogeza kaburini zaidi. Terminali haikudanganya: kidude kilikuwa nyumbani kweli. Ila kati yake na kipanya kulikuwa na ziwa limefungwa kwenye gunia.

Nilipomwandikia mpwa, nilijua atacheka. Badala yake alinitumia habari ya wahandisi wa Boeing. Mwaka wa 2012 kampuni hiyo ilieleza jinsi ilivyotaka kupima namna mawimbi ya intaneti yanavyosambaa ndani ya ndege iliyojaa abiria. Watu hawawezi kukaa kitini siku nyingi bila kuuliza chakula. Basi wakachukua ndege iliyostaafu wakaijaza magunia ya viazi kwenye viti, karibu kilo 9,000, kwa sababu mbele ya mawimbi hayo kiazi na mwili wa binadamu vinakaribia kufanana. Nikapiga hesabu: kwa gunia la sheria, hayo ni magunia 180. Kwa gunia la shosho ni machache zaidi. Wazungu walitafuta ndege nzima ili wagundue jambo ambalo mimi nililipata kwa deni la kuchapisha fomu.

Habari hiyo ilinifumbua jambo jingine. Ikiwa kiazi ni kama mtu, basi mtu naye ni kama kiazi. Zile siku foleni ilipokuwa ndefu na wateja wakanizunguka kila upande wakiegemea meza, kipanya kilikuwa kikisuasua hata bila gunia. Kumbe sisi sote tuliokuwa tukimlaumu paka tulikuwa magunia ya maji yenye sweta.

Tarehe 30 Juni nilihudumia foleni yote, gunia likiwa nje kwa kinyozi, ambaye alilitumia kama kiti cha wanaosubiri. Mzee wa shuka nyekundu alirudi kuchukua karatasi yake, akauliza paka alihukumiwa kifungo cha miaka mingapi. Nikamwambia aliyekuwa na hatia ni waru. Akafikiri kidogo. "Ndiyo," akasema, "mnalima nyingi mno."

Wiki iliyofuata niliteremka Nakuru nikanunua waya wa kurefushia USB, wa mita moja. Upande mmoja umechomekwa nyuma ya sipiyu. Upande mwingine nimeupandisha juu ya meza, kidude kikiwa kileleni mwake, shibiri moja kutoka kwa kipanya. Tangu siku hiyo hakuna kifo kilichoandikwa daftarini.

Mpwa wangu aliwahi kunieleza kwamba kipanya cha kwanza kabisa, kile kilichobuniwa na Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English huko Marekani mwaka wa 1964, kilikuwa kipande cha mbao chenye waya unaoning'inia kama mkia. Miaka yote iliyofuata watu wamehangaika kuukata mkia huo. Nami nilinunua changu kwa bei ya juu kwa sababu hakina.

Juzi shosho alikuja na gunia jingine, kilemba kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Mwenye bodaboda alisimama nalo mlangoni akihema. Shosho, ambaye habari zilimfikia, akanitazama kwa wasiwasi.

"Tuliweke wapi sasa? Lisije likaua kile kipanya chako."

"Palepale pa siku zote, shosho. Hakisumbui tena."

Akainama, akaufuata ule waya kwa kidole kutoka nyuma ya sipiyu, ukapanda ukingo wa meza, ukafika kando ya kipanya.

"Aa," akasema akijinyoosha, mkono kiunoni. "Umekirudishia mkia."